Maharage Yako na Kanisa la Mawe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na ndaga fijo, asante sana, kwa dua zako. Goti bado linakubali kupanda mlima wa shambani? Baridi ya Mbeya isikuchezee, vaa lile sweta. Mimi huku Ujerumani ni mzima, kazi ya kutunza wazee inanimaliza mgongo tu. Ila roho haijatulia, na sababu ni yale maharage.

Nakumbuka uliponikabidhi mfuko nilipokuwa likizo: "Wee Atupele, usije ukayala. Goti limepona, nilimwahidi Mungu. Peleka kwenye likanisa likubwa la huko, wayanadi baada ya ibada, na wao waone shamba letu." Nikaitikia bila kufikiri.

Jumapili nikavaa kitenge, nikaenda. Mama, lile kanisa! Wanauita mtindo wa Kigothi. Matao yake yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayeomba. Nguzo ni nyembamba, zinapanda mpaka shingo inauma, kisha zinatawanyika matawi na kushika dari ya mawe. Nilikumbuka miti ya mipaina ya Mafinga kwa kaka. Madirisha ni marefu, ya vioo vya rangi, jua likipiga sakafu inakuwa nyekundu na buluu. Kuta hazianguki kwa sababu nje wameziegemezea matao ya mawe, kama baba alivyoegemeza magogo ghala letu lilipoinama. Na pembeni mwa paa kuna sanamu za mazimwi zinazotema maji ya mvua. Ungekemea pepo papo hapo.

Nikaduwaa na hayo mpaka ibada ikaisha. Kumshukuru Mungu kwa goti lako sikukumbuka kabisa, mama, na hilo linaniuma.

Nikasimama mlangoni na mfuko, nikisubiri mnada. Watu wanapita, wanapiga picha. Mlinzi akaniuliza nauza nini. Nikamwambia ni sadaka ya mama. Akatikisa kichwa kwa upole, akanionyesha kisanduku chenye tundu la sarafu.

Nikarudi na maharage yako nyumbani. Siku ya tatu nimetoka kazini na njaa, nikayapika. Nimekula nimesimama jikoni, nalia, na yalikuwa matamu. Nisamehe. Naomba utenge mengine, uyapeleke usharikani kwetu, chini ya bati lile ambalo mvua ikinyesha mchungaji ananyamaza. Yanadiwe kwa jina lako, watu wanaokujua wayagombee.

Nisalimie baba, kaka fundi mbao akija kutoka Mafinga, na shangazi wa kwaya. Shangazi usimwambie, atanitungia wimbo.

Jambo moja nilikuwa sitaki kuliandika, naona haya. Mlinzi alipogeuka, nilichukua punje moja nikaitumbukiza kwenye kile kisanduku. Nilisikia ikigonga sarafu. Ni moja tu, mama, lakini hiyo imefika.

Mwanao anayeona aibu mbele yako,
Atupele