Kijiti cha Nane

Baba Neema,

Nimekaa kwenye kiti chako, kwenye chumba chako cha kurekodia hapa Mkuza. Jambo lililonipata wiki hii siwezi kumweleza mtu akanielewa, ila wewe.

Mwezi na nusu sasa tangu tukulaze kule kwenu Marui, Kisarawe. Asubuhi ile ulisema kichwa kinauma, ukanywa chai ukatoka. Saa sita nikaitwa hospitali. Basi. Akili yangu imekwama hapo, kati ya chai na saa sita. Watu wananiambia pole, naitikia, huku moyoni najiuliza wananipa pole ya nini.

Mama yako hajarudi Marui. Tulipomaliza arobaini alipanda gari na sisi, akasema atakaa mpaka anione nakula.

Ule wimbo wa kwaya uliuacha haujaisha. Mwalimu wa kwaya alikuja kwa upole, akauliza kama aupeleke kwa fundi mwingine. Nikamwambia hapana, nitaumalizia mimi. Sijui mdomo huo niliutoa wapi, mimi wa darasa la saba. Lakini si nilikuwa nakaa nyuma yako kila siku, Neema mgongoni, natazama vile visanduku kwenye kioo cha kompyuta na nyaya unazozichora kuviunganisha? Nikajiona najua. Na nikawaza, nikimaliza huu, hiki chumba kitabaki kuwa kazi yetu.

Mwalimu alitaka kitu kimoja. Pale katikati neno linaposomwa, muziki wote ushuke pamoja, kisha upande pamoja. Nikakumbuka ulivyofanya nyimbo nyingine: vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti unavifunga vyote kwenye nobu moja, ukizungusha hiyo moja vyote vinakwenda. Huu ulikuwa hujaufunga. Nikahesabu vijiti vinane. Sauti ya kwanza mpaka ya nne, gitaa, kinanda, ngoma. Cha nane hakina jina, kimelala chini kabisa. Nikadhani ni kitupu. Nikavuta waya kutoka kwenye nobu mpaka kwa kila kimoja, na hicho cha nane nacho.

Nikagusa nobu. Na mkono wenyewe ukahifadhi, kama ulivyonizoesha kuhifadhi kila baada ya kitu kimoja, maana umeme wetu haubishi hodi. Nilipotazama, vijiti vyote vilikuwa vimeruka, vimesimama kimo kimoja kama watoto wa shule kwenye mstari. Vile vimo ulivyovipima kwa sikio lako siku ngapi, hiki juu kidogo, kile chini kidogo, hakuna hata kimoja. Ndipo nikakumbuka ulichonifundisha: kati ya nobu na kijiti weka kisanduku kidogo cha kuzidisha, wote wapande na kushuka lakini mrefu abaki mrefu. Nilisahau visanduku. Kazi ya mwisho ya masikio yako, nimeifuta mimi.

Nikacheza wimbo ili nisikie ubaya wake.

"Moja. Mbili. Tatu. Kina mama, ingieni."

Ni wewe. Kwenye spika zote mbili, sauti kubwa, kama uko nyuma ya kiti. Ile sauti yako ya kuwaongoza, unayoirekodi peke yako kabla kwaya haijaja ili waisikie masikioni wakiimba, halafu unaishusha mpaka chini isisikike. Niliisahau kabisa. "Sauti ya nne, msilale." Sikuweza kusogea. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, wewe unahesabu, halafu ukasema, kama unavyosema siku zote ukimaliza kurekodi, "Mama Neema, wali unaungua."

Baba Neema, niligeuka kutazama jikoni. Naapa niligeuka.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikasikia sinia linaanguka. Akaja akasimama mlangoni, akaniuliza polepole, "Mwanangu, nani yumo humu?" Na Neema akampita, akaenda kuchungulia nyuma ya mlango, pale ulipokuwa unajificha kumchezea. Nikafunika kompyuta kwa nguvu. Unaijua betri yake, ukiitikisa tu inakata; ikazima hapohapo. Kosa nilikuwa nimeshalihifadhi, na ile njia ya kurudi hatua nyuma hupotea kompyuta ikizima, basi vile vimo vikawa vimekwenda.



Kesho yake nikaanza upya. Nikaweka visanduku, nikapima kijiti kimoja kimoja. Mwalimu alipopita kusikiliza mara ya kwanza alisema, "Shemeji, hii ni kwaya au mnada?" Tulicheka, hata mama. Siku ya tatu alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, akasema imekaa. Sijui kama imekaa kama ulivyoiweka. Sitajua.

Kilibaki kijiti chako. Mama akasema, "Mwacheni aongee." Mwalimu akainama. Akasema, "Mama, Jumapili kanisani tutaimbaje juu ya muziki huu, marehemu anatuhesabia?" Wote wakanitazama mimi. Ulikwenda bila kunipa nafasi ya kukwambia nenda, na sasa kukwambia nyamaza nimekabidhiwa mimi.

Kwanza nilitoa nakala na sauti yako juu, nikaitia kwenye simu ya mama. Anaondoka kesho nayo Marui. Halafu nikawaomba watoke. Cha nane sikukifunga kwenye nobu. Sikutaka uende na wengine mtu akizungusha. Nilikishika chenyewe, nikakishusha kidogo kidogo, ukawa mbali, ukawa kama uko uani, ukawa kama uko kwa jirani. Mwishoni nikaweka sikio kwenye spika. Zilibaki sauti za kina mama, wameingia palepale ulipowaambia.

Pumzika, baba wa mwanangu. Neema ana afya, na chumba hiki sitakifunga. Alhamisi inakuja kwaya nyingine kutoka Kongowe, hawajawahi kurekodi, watahitaji mtu wa kuwaongoza. Nimeshajaribu maiki leo, sauti inatetemeka lakini inasikika. Nitawahesabia mimi.

Wako,
Mama Neema