Kuonja Magadi ya Betri

Chonyonyo, Jumatano

Basi magadi yametoka. Tangu asubuhi umeme wa betri ya gari umepita darasani kwenye vyungu viwili vya maji ya chumvi, vilivyounganishwa kwa utambi. Kimoja kimetoa asidi, cha pili magadi makali ya kupikia mafuta yawe sabuni. Wanafunzi wakapiga makofi. Mimi sikuhisi kitu, kama siku zote tangu tumzike mama.

Kisha nikayaonja kwa ulimi, kama mama alivyopima magadi yake ya majivu ya maganda ya ndizi. Ulimi ukababuka.

"Mwalimu mzima," mke wangu amesema jioni, akinipa maziwa. "Mama alikuwa anaonja majivu, si umeme."

Nikalia. Alidhani ni ulimi, akaniongezea maziwa.