Wifi Yuko Kwenye Bango, Mimi Niko Nyuma ya Pazia

Mpendwa mshauri, naandika mtoto akiwa amenilalia kifuani, kwa hivyo nikikatika katikati jua ameamka. Nina kibanda cha chakula hapa Kisumu Ndogo, napika ugali, sukuma na omena, vile visamaki vidogo, wateja wangu ni mafundi na watu wa mjengo, wananijua na mimi nawajua, yule hali chumvi, yule hataki nyanya nyingi, nikiwapakulia nawagombeza kidogo na wanapenda. Sasa wifi yangu Trizah, dada ya mume wangu, anayekaa Kawangware, akaniambia biashara bila picha za maana haiendi mahali, akanipeleka kwa mpiga picha wa huko anaitwa Gathogo, na mimi nikafurahi, nikasuka nywele, nikaenda.

Kufika studio Gathogo akasema nimtoe mtoto mgongoni, nikamtoa, nitoe leso, nikaitoa, akanisimamisha mbele ya kitambaa kilichochorwa jiko jeupe lenye friji mbili, akaniangalia sana kwa kamera, halafu akasema kwa upole eti uso wangu una usingizi. Mshauri, nina mtoto anayeota meno, uso wangu ungekuwa na nini? Akamwambia Trizah asimame hapo kidogo apime mwanga, na Trizah alikuwa amejipaka vizuri, basi hakutoka tena. Akavalishwa kofia ndefu nyeupe, akapewa sahani pana, na kwenye hiyo sahani Gathogo akaweka omena moja. Moja, na jani la dania. Nikauliza hiyo ni ya kulisha nani, akanijibu hoteli kubwa hufanya hivyo.

Bango la picha hiyo lilipotundikwa mbele ya kibanda, wateja wangu wa zamani wakaanza kupitia upande ule mwingine wa njia. Kuna Wanzala, fundi wa mageti, amekula kwangu tangu nifungue. Nilimwita akaniambia, "Wacha tu, Mama Billy, hapa sasa ni kwa watu wa kukula omena moja." Wapya nao wanakuja wameona picha kwa simu, na mmoja akanikuta na karai mkononi akaniambia, "Siste, niitie mwenyewe." Trizah akaona afadhali awe anakuja kukaa pale mbele ndio watu wamwone, na kweli anakaa, tena anajibu maswali. Juzi mama mmoja aliuliza kama omena ni mpya, Trizah akamwambia imevuliwa leo asubuhi, na hiyo omena nainunua kavu kwa gunia. Yule mama ni wa Homa Bay, huko ziwani omena inakotoka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Shida yenyewe ni hii. Kuna msimamizi wa mjengo huko Ngong Road, anaitwa Mbuvi, anatafuta mtu wa kulisha wafanyakazi wake kila siku mpaka jengo liishe, na Ijumaa anakuja kuonja na kuongea na mama wa kwenye picha. Trizah anasema yeye akae mbele aongee, mimi nipike nyuma ya pazia, na pazia ameshanunua. Mume wangu Okeyo anasema nivumilie, ni siku moja tu. Nampenda wifi yangu, nilipojifungua ndiye alinifulia nepi, sitaki aaibike. Lakini hiyo kazi nikiipata nitaacha kuzunguka nikiongezea pesa ya kibanda kwa kufulia watu nguo na mtoto mgongoni, na moyo wangu unakataa kuipata nikiwa nimejificha kwa kibanda changu. Nifanye nini?

Mama Billy, Kisumu Ndogo

*

Mama Billy,

Pole kwa meno ya mtoto. Kukubembeleza kumeishia hapo.

Ulitoa mtoto, ukatoa leso, ukatoa na uso, na hukuuliza hata mara moja kwa nini. Gathogo si mtu mbaya. Amepiga picha ya hoteli anayoiota yeye, kwa sababu hajawahi kula kwako. Lakini picha ya biashara ni ahadi, mteja akifika anataka akute alichoona, na wako wanafika wakitafuta friji mbili. Na omena moja, dada yangu, hata paka wa Kambi Muru, hapo jirani yako, angelalamika.

Bango litoke leo, usingoje Ijumaa. Kisha mpigie Mbuvi simu wewe mwenyewe, umwambie aliye kwenye picha ni wifi yako na mpishi ni wewe. Atashangaa kidogo, yaishe. Akija kujua baadaye, wafanyakazi wake wakiwa ghorofa ya tatu na njaa, atatafuta mpishi mwingine.

Gathogo mwite kibandani saa ya chakula cha mchana, aache kitambaa chake Kawangware. Akae kwenye benchi ale kwanza, ashibe. Aanze kupiga ukishamsahau, ukiwa unamgombeza Wanzala, karai inatoa mvuke na mtoto yuko pale alipo siku zote. Akirudia habari ya usingizi, mwambie ndiyo, huo ndio uso unaopika. Watu wa mjengo wameamka alfajiri, hawatafuti mtu aliyelala kuliko wao.

Trizah ongea naye mkiwa wawili. Anza na zile nepi, umshukuru kwa moyo, halafu umwambie wazi kwamba kiti cha mbele ni chako. Ana mdomo na anapenda watu, mpe kazi ya kupeleka chakula mjengoni, na umlipe. Ila kabla hajajibu swali lingine la samaki, aoshe omena kwa maji moto wiki nzima, aone mchanga unavyotoka.

Okeyo naye, anayekuambia uvumilie, mkalishe nyuma ya hilo pazia mchana, mafuta yakiwa motoni. Atabadilisha mawazo kabla ugali haujaiva.

Ijumaa Mbuvi akishakaa, usianze kujieleza wala kuomba msamaha wa picha. Muulize anataka ugali mkubwa ama mdogo, na akisema mdogo, mgombeze.