Mikono ya Kumuuguzia Baba

3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mgonjwa wetu ameamkaje? Mimi mzima, ila miguu inanililia baada ya zamu. Nakuandikia kwa sababu simuni unasikia nusu, na nusu nyingine unajijazia mwenyewe.

Kaka kaniambia Baba amepata dripu ya kwanza, akatapika sana. Poleni. Kwenye kifurushi alichokuletea mna glavu. Dawa ya Baba ni hii hii ninayowachanganyia wagonjwa huku wodini. Inaua saratani, lakini haichagui; hata mzima inamdhuru. Kwa siku mbili baada ya dripu hutoka kwenye mkojo, matapishi na jasho. Ukimwaga beseni au kufua shuka zake, vaa glavu, kisha unawe kwa sabuni. Shuka zifuliwe peke yake.

Msalimie. Mwambie asijifanye shujaa, ale kidogo kidogo.

Binti yako

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kwa kiasi chetu. Barua nimeisoma, na glavu nimeziweka juu ya kabati. Zikae huko huko.

Tangu nimeolewa na baba yako namfulia, namkanda mgongo, kwa mikono hii hii. Leo kaugua ndiyo nimshike kwa mpira kama panya aliyekufa? Atajua tumemkinai. Usomi ni mzuri, mama, lakini usome na moyo wa mtu.

Na kazi usihofu. Wifi yako ana mimba ya miezi sita, imemjaa mpaka kifuani, lakini shuka za baba mkwe wake anazifua yeye na hataki kunisikia. Nyumba hii haikupata mkwe, imepata mtoto.

Mama yako

12 Februari

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, salamu za leo ni fupi. Wifi asiguse shuka zile, hata kwa glavu. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nimeshampigia kaka ampeleke kliniki. Huku kwetu muuguzi akipata ujauzito anaondolewa chumba cha kuchanganyia dawa siku hiyo hiyo.

Na hilo la kumkinai Baba, nalijua. Nilipoanza kazi hii niliingia wodini nimevaa gauni la plastiki, glavu mbili mbili, miwani na barakoa. Bibi mmoja akavuta shuka mpaka kidevuni, akaniuliza, "Kwani nimekuwa kitu gani, mjukuu wangu?" Tangu siku hiyo naingia kwanza na uso wangu. Namsalimia mtu, namshika mkono, tunapiga soga, ndipo navaa. Glavu ni za beseni, Mama. Mkono wa Baba ushike kama ulivyozoea.

Usinikasirikie.

Binti yako

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki zinapita, kimya. Nikimuuliza kaka anasema "wazima tu," kisha anageuza mazungumzo. Kama maneno yangu yalikuchoma, utanichapa tukionana, lakini niandikie. Dripu ya pili ilikwendaje? Mtoto wa wifi anacheza tumboni?

Binti yako anayengoja

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na fimbo nimekuwekea. Wifi yako kapimwa. Moyo wa mtoto unakwenda mbio kama cherehani, yuko salama.

Ila mimi nilinuna. Niliona umenifanya muuaji ndani ya nyumba yangu. Nikazozana na kaka yako sebuleni, sauti juu, tukasahau kuta zetu ni nyembamba. Baba yako alikuwa macho.

Siku ya pili baada ya dripu aliamka alfajiri, akakusanya shuka zake, akajifungia bafuni. Nikasikia kishindo. Kaka yako akavunja kitasa, tukamkuta sakafuni, beseni limepinduka, damu inamtoka kwenye paji la uso.

"Mzee, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nafua," akasema. "Msije mkaumwa kwa ajili yangu."

Basi nikaenda kabatini. Nikazivaa zile glavu mbele yake, zikanikwama kwenye pete. Akanitazama, akasema, "Daktari, sindano isiume." Tukacheka mpaka nikalia. Nilipomaliza kufua nikanawa, nikajilaza kando yake, nikamshika mkono kwa mkono mtupu, tukasinzia hivyo hivyo. Jeraha limefunga.

Sasa zamu yangu. Ulimi wa kaka yako umeteleza. Kumbe huko kwenu magauni yameisha, glavu unavaa jozi moja, na kifundo cha mkono kimekuwasha mpaka kikachubuka? Unanihubiria mimi, wewe nani anakuhubiria?

Mama yako

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Umenishika pabaya. Ni kweli. Magauni yaliisha kitambo, tukawa tunavaa aproni za kitambaa, ambazo tone likidondoka linapenya hadi kwenye ngozi. Kila siku tunaambiwa yataletwa kesho. Na unaona aibu kulalamika mbele ya watu wanaopigania roho zao.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Hakuna aliyecheka. Asubuhi yake tukaenda sote kwa muuguzi mkuu, nikamwambia hatuchanganyi dawa mpaka tupate mavazi.

"Na wagonjwa je?" akaniuliza.

Hapo ndipo palipouma, Mama. Walishakaa kwenye viti vyao, wamekunja mikono ya mashati. Nikatoka kuwaeleza mwenyewe, nikingoja matusi. Dereva mmoja mstaafu akanikatiza. "Sisi tunatiwa dawa hiyo kwa sababu tunaumwa," akasema. "Ninyi mnaumwa nini? Tutangoja."

Muuguzi mkuu alikuwa nyuma yangu, kayasikia yote. Akarudi ofisini, akapiga simu hospitali ya jirani, na mchana boksi la magauni likafika pamoja na glavu. Wote walipata dripu zao siku ile. Mkono wangu unapona, na nimepimwa damu, iko sawa.

Asante kwa kunigombeza. Baba anaendeleaje?

Binti yako

24 Mei

Mwanangu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana nina haraka ya kusema.

Wifi yako amejifungua! Msichana, mzima, ana sauti ya mnadi. Kazaliwa siku moja tu baada ya baba yako kupata dripu ya mwisho. Mwezi ujao watampiga picha waone uvimbe umebaki kiasi gani. Naogopa, sikufichi.

Mtoto alipoletwa nyumbani, baba yako akakataa kumpokea. Akavuta kiti mlangoni, akakaa, shingo kainyoosha kama twiga.

"Binti yako alisema kushikana si kosa," nikamwambia.

"Alisema mkono wako wewe, mzee mwenzangu. Hakusema mjukuu."

Basi akakaa pale kwa mbali, anamwimbia kwa sauti iliyokwaruza. Mtoto akilia, na yeye machozi yanamlenga.

Siku mbili zilipokwisha akaoga, akavaa shati jeupe, lile linalomning'inia siku hizi kama liko kwenye kamba. Akanyoosha mikono. "Mleteni."

Mtoto akamkodolea macho, akatulia kabisa, kisha akamkojolea shati lote. Wifi yako, kwa aibu, akakimbilia kumchukua. Baba yako akazidi kumkumbatia.

"Mwacheni," akasema. "Mkojo wa huyu hauna dawa."

Mama yako, ambaye sasa ni Bibi