Bati Kumi na Nne Ambazo Hazikufika

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana mpaka sasa sijamwambia mtu. Mimi ni mwanamke wa milima ya Uporoto, juu ya Mbeya, nina mtoto mmoja, Sekela, naishi na mama mkwe wangu, na mume wangu Asukile yuko migodini Rodesia ya Kaskazini huu mwaka wa tatu, na mwezi wa Mei alitutumia shilingi mia nne na themanini tuondoe nyasi tuezeke bati, akaandika kwamba akirudi Krismasi anataka aione nyumba inang'aa tangu barabarani.

Nikamwita fundi Filemoni, ambaye naimba naye kwaya moja, na kazi yake naijua, aliezeka nyumba ya mwalimu wetu na haivuji hata tone, akapima akasema bati thelathini na mbili, kila moja shilingi kumi na mbili, na ufundi pamoja na misumari tisini na sita, nimpe zote mara moja asiende mjini mara mbili. Nikamwambia, "Basi tuandikishane, fundi." Akacheka, akasema, "Mama Sekela, karatasi ya nini, na sisi tunashika kitabu kimoja cha nyimbo?" Nikaona aibu, nikamhesabia noti zote mkononi.

Kesho yake akang'oa nyasi, na wiki ileile akaleta bati kumi na nane, akapiga upande wa mbele, huu unaoonekana barabarani, akasema zilizobaki zinakuja na lori, na sasa ni miezi minne, upande wa nyuma tumetupia nyasi kuukuu, na mama mkwe amehamisha kitanda chake mara mbili. Asukile akaandika kuuliza, na mimi kwa hofu nikamjibu kwamba nyumba imekwisha, tunalala chini ya bati, ahsante baba Sekela. Mshauri, uongo huo unaniuma kuliko hata bati.

Juzi Filemoni amekuja, akakaa jikoni mpole kabisa, akasema, "Bei imepanda dukani. Niongezee mia moja na sabini, Jumamosi namaliza." Pesa hizo ninazo, nimeuza maua ya pareto, sina nyingine. Alipotoka, mama mkwe aliacha kumenya viazi akaniuliza, "Mwanangu, utampa tena?" Mvua imekaribia, kwenda kushtaki kwa jumbe wa kijiji naona ni kumwaibisha mtu wa kanisani, na nikikaa kimya Asukile atakuta paa nusu. Nimpe au nisimpe?

Tusajigwe, Mbeya
Oktoba 1956

MSHAURI ANAJIBU

Mama Sekela, barua yako niliijibu kwa posta siku ileile, kwa kuwa mvua haingojei gazeti. Leo naichapisha kwa ruhusa yako, majina nikiwa nimeyabadili, kwa sababu wenye nusu paa ni wengi.

Nilikuandikia hivi: usimpe hata senti. Pole sana, lakini acha nikugombeze kidogo. Ulimlipa ufundi kabla hajapanda ngazi, akabaki hana sababu ya kurudi kwako. Tena, kumwambia mtu aandike si kumwita mwizi. Na hiyo bei iliyopanda, nina mashaka nayo. Nahisi pesa yako ilikwenda kuezeka nyumba ya mtu aliyemlipa kabla yako, na sasa anatafuta ya kumalizia yako. Nenda dukani mwenyewe ukaulize. Halafu mwite mbele ya mzee wa kanisa na ndugu mmoja wa mumeo, mzungumze kwa upole. Lakini kabla ya hayo yote, kaa chini umwandikie Asukile ukweli.

Ukaniandikia tena kwamba ulifanya yote, ingawa hilo la mwisho lilikuchukua siku tisa. Dukani bei ilikuwa ileile, shilingi kumi na mbili. Mbele ya mzee wa kanisa Filemoni alivua kofia, akasema, "Kulikuwa na mtu wa Tukuyu, nilikula pesa yake, akataka kunipeleka barazani. Nikampelekea bati za mama huyu." Akaandika kwa mkono wake kwamba atakurudishia pesa ya bati mbili kila mwezi, na kwamba kazi iliyobaki ataifanya bila malipo mengine. Wewe ukanunua bati kumi na nne kwa pesa ya pareto, ukazihesabu zikipakiwa na zikishushwa, naye akazipiga kwa siku mbili. Sasa mama mkwe analalamika kwamba kelele za mvua zinamkatiza sala zake.

Asukile alijibu mistari mitatu tu. Barua yako ya uongo alikuwa amewasomea wenzake kambini, wakamnunulia pombe. Ameona aibu. Anakuja hivyohivyo.

Nanyi wengine mnaotaka kuezeka, bati nunueni wenyewe, na risiti iwe na jina lako. Ufundi mpe fundi kidogo akianza, kidogo akifika nusu, na sehemu kubwa ibaki mpaka umesimama ndani na kutazama juu, usione mwanga. Andikeni haya kabla unyasi mmoja haujang'olewa, hata kama fundi ni shemeji yako. Fundi mwema hatachukia.

Na wewe, Mama Sekela, mumeo atafika na hasira kidogo, ni haki yake. Usimkimbize nyuma ya nyumba kumwonyesha bati mpya. Mkaribishe, ale kwanza. Kisha mwambie kwa mdomo wako yale uliyomwandikia, umwekee mezani risiti na karatasi ya Filemoni, unyamaze, umwache azisome.