Ukuta wa Bi Zuhura

Jumanne, 18 Machi 1986

Gundi imeungua tena. Nilisimama mlangoni kumsikiliza Gitau fundi viatu akigombana na mteja, na unga wa ngano haumsubiri mtu. Nimekoroga sufuria ya pili. Unga, maji, kipande cha shabu cha kuzuia mende. Mende wa Majengo wanapenda magazeti kuliko wasomi wa Majengo.

Shaaban bado wiki tatu na zaidi. Mwezi huo kila chumba hapa kinabandikwa magazeti mapya juu ya yale ya mwaka jana, Ramadhani ikute kuta safi. Nyumba hii na tano za jirani ni zangu kwa kazi hiyo. Kwa sasa nachambua tu, na kuziba palipobanduka. Magazeti ya kila siku yananyonya gundi vizuri. Majarida ni kama waheshimiwa: yanang'aa, hayashiki.

Shule sikuiona. Nilijifunza kusoma nikiwa mgonjwa kitandani, kwenye ukuta wa mjomba. Ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Mwisho ulikuwa ukurasa wa saba, upande uliopakwa gundi.

Ukuta ninaojivunia ni wa Bi Zuhura, chumba cha tatu. Juu ya kitanda chake kuna ukurasa mmoja ambao haufunikwi. Ni wa mwanawe, Athumani. Kila mwaka nabandika mapya kuuzunguka, nakata kingo kwa wembe, unabaki katikati kama dirisha.

Alhamisi, 20 Machi

Redio ya Gitau, taarifa ya saa saba. Lile gazeti la kila mwezi, linalotaja wakubwa kwa majina, limepigwa marufuku. Matoleo yote: yaliyopita, la sasa na yajayo. Atakayekutwa nalo ana kesi.

Yajayo nimeyaelewa. Mtu hujikinga na mvua ambayo haijanyesha. Yaliyopita ndiyo yamenishinda. Nililinunua kihalali, nikalisoma kihalali, leo asubuhi nimeamka mhalifu.

Gitau akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Fundi, mtaa mzima umeubandika wewe. Wakikufunga, watabeba na nyumba."

Nimechambua rundo langu. Yametoka kumi na moja. Nimepikia maharagwe. Yamechelewa kuiva. Ukweli hauna moto mkali.

Kisha nikakumbuka juu ya kitanda. Ukurasa wa Athumani ni wa gazeti hilohilo.

Ijumaa, 21 Machi

Niandike mambo yalivyokuwa, maana huenda karibuni yakawa hayakuwa.

Athumani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati huko Viwandani. Mashine ya kukata ilikuwa imetolewa kinga ili iende mbio. Ilikwenda mbio. Mwaka 1981, mwezi wa nane. Magazeti makubwa hayakuandika hata mstari. Hili la kila mwezi lilituma kijana mwenye kamera na adabu nyingi. Alimpiga picha Bi Zuhura akilia kitandani, leso imemdondoka kichwani. Akachomoa picha ya Athumani kwenye fremu, ndiyo pekee marehemu aliyowahi kupigwa, studio, suti ya kuazima. "Naileta kesho, mama. Ahsante, mama."

Kesho hiyo bado haijafika.

Habari ilitoka nusu ukurasa. Iliwataja wenye kiwanda kwa majina. Ilikuwa kweli tupu na ilikuwa ya kijasiri, nakiri. Pia ilimwonyesha mjane wa watu kichwa wazi mbele ya nchi nzima. "Wamenivua, Saidi," aliniambia. Wiki nzima hakutoka uani. Halafu akaniita, akataka ukurasa ule ubandikwe, kwa kuwa picha ya mwanawe haikuwa kwingine. Kwanza nikakata tangazo la sabuni, nikafunika nalo picha ya mama kichwa wazi. Athumani akabaki na suti yake.

Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kuhusu uhuru wa magazeti, mimi nanyamaza. Nina pande mbili na zote zinaniuma.

Jumamosi, 22 Machi

Wamemchukua muuza njugu wa kona ya msikiti. Amefungia njugu kwenye karatasi za gazeti lile. Hajui kusoma hata jina lake. Njugu zimechukuliwa kama ushahidi. Zitaliwa kama ushahidi.

Mtaa mzima unabandua. Moshi kila ua. Mimi niliyebandika nimeajiriwa kubandua. Nimepita vyumba vinne.

Kisha nikafika kwa Bi Zuhura.

"Mama, huo ukurasa utoke."

"Utoke uende wapi?"

"Serikali imesema."

"Mwambie serikali aje amzae mwingine."

Nikamwambia basi tuufunike. Magazeti mapya juu, Athumani abaki chini. Mambo haya yakipita, nitafunua. Akauliza kama gundi itamharibu uso. Nikasema juu ya picha sitapaka, nitapaka kingo tu. Akakubali bila kuniangalia.

Jumapili, 23 Machi

Nimefanya kazi safi. Sikuziba pale tu, ningekuwa mjinga. Nimebandika ukuta mzima wa kitandani, dari mpaka sakafu. Juu ya Athumani nimeweka mheshimiwa anakata utepe, ukurasa mzima, mkasi mkononi. Nani atathubutu kumbandua mheshimiwa? Nilijicheka mwenyewe kwa werevu.

Mvua imeanza alasiri. Haijakatika.

Jumanne, 25 Machi

Wamekuja. Askari kanzu wawili na koplo wa sare. Nyumba kwa nyumba, adabu ya kutosha, hodi na kila kitu. Chumba changu walikipita kwa dakika moja. Nilikuwa nimekisafisha kama maiti.

Kwa Bi Zuhura koplo alisimama katikati. Aliangalia kuta tatu za zamani, njano kwa moshi. Akaangalia ya nne, nyeupe. Akaweka kiganja ukutani.

Ulikuwa bado na majimaji. Mvua siku mbili, ungekauka na nini?

"Mama," akasema taratibu, "Shaaban imeingia lini?"

Nikajua ni wa huku. Mtoto aliyelelewa mbali angeona ukuta safi, akaenda zake. Huyu alilala kwenye kuta hizi. Anajua hakuna anayebandika Rajabu, tena katika mvua, tena ukuta mmoja. Nilikuwa nimeandika barua ukutani: tafuta hapa.

"Nani fundi?"

Nilikuwa kwenye korido, hatua tatu. Gundi kwenye kucha. Bi Zuhura alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu.

"Nimebandika mwenyewe."

"Mpaka juu kule? Wewe na magoti hayo?"

"Mwenyewe, baba."

Mimi sikusema kitu. Naandika tena ili nisije kujidanganya uzeeni: sikusema kitu.

Koplo akashika kona ya mheshimiwa, akavuta. Karatasi mbichi haina siri. Ilishuka na mkasi na utepe, na nyuma yake Athumani. Wakambandua naye. Alitoka vipande vitatu. Wakavitia kwenye bahasha.

Wakamchukua na yeye. Alivaa buibui lake vizuri, akaangalia kwenye kioo kama kichwa kimefunikwa. Askari kanzu mmoja akamwambia, "Ahsante, mama."

Alhamisi, 27 Machi

Nimeosha mikono mara nyingi. Kucha ni safi sasa. Sasa hazina kazi.

Gitau ameniuliza, bila mzaha, "Utakaa hivi mpaka lini?"

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda kituoni. Nilijiandaa njia nzima, nikapanga maneno. Mimi ndiye fundi. Mama hajui kusoma, hakujua alichonacho. Niwekeni mimi.

Askari wa kaunta hakuinua uso. Mkubwa ameenda kwao Pasaka, atarudi wiki ijayo. Faili iko kabatini, ufunguo anao mkubwa.

"Lakini mimi ndiye niliyebandika."

"Mzee, hapa tuna mtu mmoja na karatasi moja. Vinatosha. Njoo Jumanne ubandikwe."

Wenzake walicheka. Nilitaka kukasirika. Nikajikuta nimefarijika. Hilo ndilo baya kuliko yote ya wiki hii. Nimempelekea chai na mkate, wamepokea. Kama vimemfikia sijui.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Gitau ameleta wali na nyama. Tumekula pamoja. Daftari hili nimelihamishia kwenye debe la unga. Si gazeti, lakini sidhani koplo ataniuliza tofauti.

Jumatano, 2 Aprili

Jana nilirudi kituoni, nikafukuzwa langoni. Leo wamemwachilia Bi Zuhura. Hakuna kesi. Mkubwa alisema hawezi kusimama kortini na bibi kizee na vipande vitatu. Vipande havikurudishwa. Mama amekanywa tu.

Alitembea kutoka kituoni kwa mguu. Viatu walivichukua siku ya kwanza, havikuonekana tena. Miguu imevimba, anakohoa. Gitau alimshonea kandambili za tairi papo hapo, akasingizia ni za mteja aliyehama.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na hotuba. Akanikatiza mwanzoni.

"Kucha zako, Saidi. Nilikuwa nakutazama uzifiche, na wewe umesimama tu kama mlingoti."

"Ningesema, mama."

"Hukusema." Akanywa maji. "Ungesema wangetuchukua wawili, na chumba kingebaki wazi. Basi."

Sijui kama amenisamehe au amepiga hesabu tu. Sikuuliza.

Aliangalia ukuta muda mrefu. Lile tangazo la sabuni lilikuwa sakafuni, limekanyagwa. Akaliokota, akalikunja, akalitia chini ya mto.

Jumapili, 4 Mei

Shaaban inakwisha. Nimemaliza nyumba zote sita. Watu sasa wanachagua magazeti kama nyama: hili la nani, la lini, limeandika nini. Wengi wanataka picha za mpira. Nimebandika mpira mpaka naota magoli. Muuza njugu amerudi kwenye kona, anafungia kwenye karatasi za daftari la hesabu.

Cha mwisho nilibakiza cha Bi Zuhura. Nimekwangua ukuta wa kitandani mpaka chokaa, nikaanza upya. Nilipofika juu ya kitanda nikauliza niweke nini.

"Usiweke."

"Niache wazi?"

"Kata kama ulivyokuwa ukikata."

Nikabandika kuzunguka. Nikapima kwa shubiri, nikakata kingo kwa wembe, zikanyooka pande zote nne. Katikati chokaa tupu.

Alikaa kitandani, akageuza shingo, akaangalia. Kifua bado kinamkorofisha. Nikamuuliza kama kipimo ni sawa.

Akasema chini pamezidi, ukurasa wa mwanawe haukuwa mrefu hivyo.

Nikakata kipande cha upana wa kidole, nikapaka gundi, nikapunguza.