Nimempa Mwanangu Jina la Odilo

Jumapili, Songea. Baridi ya Julai inauma tangu alfajiri, lakini mimi nina joto la ubishi. Nimeteremka Majengo kwenye kafe ya intaneti na gauni langu la kanisani, niandike kabla ujasiri haujanitoka.

Leo nimembatiza mwanangu. Nimempa jina la marehemu kaka yangu.

Odilo alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa Liberia kulinda amani, akauawa hukohuko. Alirudishwa kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, tukaambiwa tusilifungue. Kwetu maiti huoshwa na ndugu zake, na mama alikuwa ameshachemsha maji. Yalipoa kwenye sufuria, hakuna aliyethubutu kuyamwaga.

Tangu siku hiyo baba mdogo, msemaji wa ukoo, ameshikilia neno moja: uso hatukuuona, maiti hatukuiosha, basi jina halirithiwi. Eti litaleta mkosi. Wajukuu wanne wamezaliwa, wote wamelikosa. Mama naye hajalitamka tena. Akitaka kumtaja anasema "yule". Yule, kana kwamba alikuwa mpangaji!

Mimi namkumbuka. Alikuwa mchokozi. Kila akija likizo nyumbani kwetu Mjimwema, aliingia sebuleni na bereti yake kichwani makusudi, ili mama amgombeze: "Kofia ndani ya nyumba?" Hapo ndipo anaivua, akicheka mpaka anashika mbavu.

Nakiri, jana niliogopa. Baba mdogo alishachagua Benedikto. Mume wangu aliniachia niamue mwenyewe, na bado nikaitikia "ndiyo, baba" kama mtoto wa shule. Uoga mtupu.

Asubuhi padri akauliza, mtoto huyu mmempa jina gani?

"Odilo."

Katekista akatazama karatasi yake. "Mama, hapa imeandikwa Benedikto."

"Futa."

Nje ya kanisa baba mdogo alinifokea mbele za watu. "We binti, mtoto akipatwa na jambo usije kunililia!" Nilipiga goti, nikampa shikamoo yake, ila jina sikulirudisha. Sitalirudisha. Wa kuogopwa ni waliomuua Odilo, siyo Odilo.

Niliyemhofia kweli ni mama. Je, nimemtonesha kidonda?

Tulipofika nyumbani nilimpakatisha mtoto, akiwa na kile kikofia cha sufu nilichomnunulia kwenye mitumba. Mama akamtazama sana. Kisha akakivua taratibu, akakiweka pembeni.

"Odilo," akasema, "kofia ndani ya nyumba?"

Nililia pale pale, sioni aibu kuandika.

Kesho baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo. Mama anasema tutakwenda wote watatu: yeye, mimi na Odilo.